Kifo katika Maadili ya Samurai: Fundisho la Wakati wa Amani

Akitajwa samurai wa Japani, wengi humwona mpiganaji anayekimbilia kifo bila kupepesa macho. Taswira hiyo imejengwa kwa kiasi kikubwa na kitabu kimoja, Hagakure, kinachoifungamanisha njia ya samurai na kifo. Makala haya yanadai kwamba fundisho hilo lilizaliwa katika amani ndefu, likiwa somo la kuishi na kutumikia, na kwamba liligeuka maangamizi pale dola ilipolitwaa na kulifanya amri.

Tuanze na aliyelitamka. Yamamoto Tsunetomo alizaliwa mwaka 1659 katika jimbo la Saga, kisiwani Kyushu. Vita vya Sekigahara, vilivyofungua njia ya amani hiyo ndefu, vilikuwa vimepita kwa miaka 59, na uasi wa Shimabara ulikuwa umezimwa tangu mwaka 1638. Tsunetomo hakupigana vita hata siku moja. Alikuwa mtumishi na mwandishi katika nyumba ya mtawala wa Saga, Nabeshima Mitsushige. Bwana huyo alipofariki mwaka 1700, Tsunetomo alitamani kumfuata kwa kujiua, desturi iliyoitwa junshi. Njia ilikuwa imefungwa. Mitsushige mwenyewe aliipiga marufuku desturi hiyo mwaka 1661, na serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi nzima, ikafanya vivyo hivyo mwaka 1663. Tsunetomo akanyoa nywele, akawa mtawa, akajitenga. Huko upwekeni, samurai kijana Tashiro Tsuramoto alimwendea mara kwa mara na kuyaandika mazungumzo yake, hadi Hagakure ikakamilika mwaka 1716.

Kwa hiyo maneno makali kuliko yote kuhusu kufa yalitoka kwa mtu aliyezuiliwa kufa. Anamtaka samurai ajione amekwisha kufa kila asubuhi, kwa mishale, mikuki au mawimbi, ili hofu imtoke na aimalize kazi yake ya maisha bila kosa. Kurasa nyingine za kitabu hichohicho zinafundisha namna ya kuzuia miayo mbele za watu, adabu za kunywa pombe, na hata kuweka rangi ya mashavu ndani ya mkono wa vazi, uso usije ukaonekana umepauka. Hayo ni mafunzo ya mtumishi wa baraza, na kukumbuka kifo ni sehemu ya nidhamu yake ya kila siku.

Samurai wa karne ya 16, aliyeishi vitani, alikuwa na hesabu nyingine: alitaka ushindi, ardhi na uhai wa ukoo wake. Todo Takatora alibadili mabwana mara kadhaa, na bado alikufa mwaka 1630 akiwa mtawala wa Tsu mwenye heshima zake.

Hata seppuku, yaani kujipasua tumbo, ilibadilika wakati wa amani. Mhukumiwa alipiga magoti akiwa amevaa nguo nyeupe, na mbele yake pakawekwa kisinia cha mbao chenye kisu, au mara nyingine upepeo tu badala ya kisu. Aliponyoosha mkono kuuchukua, msaidizi aliyesimama nyuma alishusha upanga shingoni. Kilichopimwa hapo kilikuwa utulivu. Waswahili husema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana. Samurai wa enzi hiyo angeielewa methali hiyo bila kufasiriwa.

Wala maadili hayo hayakuwa na sauti moja. Mwaka 1701 Asano Naganori alimjeruhi Kira Yoshinaka ndani ya ngome ya shogun mjini Edo, akaamriwa kujiua siku hiyohiyo. Wafuasi wake 47, wakiongozwa na Oishi Kuranosuke, walingoja karibu miaka miwili ndipo wakamuua Kira. Umma uliwasifu. Mwanazuoni Ogyu Sorai aliona wamevunja sheria, ila waruhusiwe kufa kwa heshima. Tsunetomo aliwalaumu kwa kuchelewa: ingekuwaje kama Kira angefariki kwa ugonjwa kabla ya kisasi?

Mgeuko mkubwa ulikuja baada ya tabaka la samurai kufutwa. Tangu mwaka 1588 wakulima walikuwa wamenyang'anywa silaha. Mwaka 1873 wazao wao walianza kuandikishwa jeshini kwa lazima. Mwaka 1941 kanuni za jeshi zilimkataza askari kukubali aibu ya kutekwa akiwa hai, na kuanzia Oktoba 1944 vijana walitumwa kuangusha ndege zao juu ya meli za adui. Walidaiwa kifo cha samurai bila kuwahi kupata posho ya samurai, wala cheo chake, wala bwana waliyemjua kwa sura.

Yupo atakayesema dola ilivuna tu kilichopandwa na Hagakure. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa kitabu chenyewe kinamdharau mtu anayepima faida kabla ya kutenda. Lakini jamii iliyokizaa ilijiwekea mipaka, na mpaka ulio wazi kuliko yote uliwekwa na bwana aliyekataa kufuatwa kaburini na watumishi wake. Viongozi wa miaka ya 1940 waliuondoa mpaka huo, na lawama ya vifo vile ni yao kwanza.

Anayeisoma Hagakure leo ayasome maneno yake pamoja na maisha ya msemaji. Tsunetomo alifariki mwaka 1719, miaka 19 baada ya bwana wake, akiwa ameitii sheria iliyomtaka aishi.