Waliotaka Roho Zitoe Ushahidi

Aprili 1855, Keighley, mji wa viwanda vya sufu kaskazini mwa Uingereza, ulipata gazeti jipya. Liliitwa Yorkshire Spiritual Telegraph, na sehemu kubwa ya habari zake ilisemekana imetoka kwa watu waliokwisha kufa. Mfadhili wake, David Weatherhead, alikuwa mfanyabiashara wa vyakula. Hilo ndilo lililokuwa gazeti la kwanza nchini humo kwa ajili ya uspiritualisti, yaani imani kwamba mtu akifa roho yake hubaki na fahamu zake, na kwamba walio hai wanaweza kuzungumza naye.

Imani ya mizimu ni ya kale kuliko maandishi yenyewe. Jipya kwa watu wa Keighley na wenzao lilikuwa namna walivyotaka kuithibitisha. Hawakuridhika kusema wameona. Walitaka mashahidi, tarehe, saini na kumbukumbu zilizochapishwa, kama kesi inavyoendeshwa mahakamani. Kwa nusu karne waliunda vyama, wakafungua maktaba, wakachapa magazeti na vitabu, wakaualika ulimwengu wa elimu uje kupima. Historia yao ni historia ya mwaliko huo na majibu yake.

Mambo yalianzia Marekani. Usiku wa tarehe 31 Machi 1848, katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, wasichana wawili wa familia ya Fox, Maggie na Kate, walidai kwamba kitu fulani kinagonga ukutani na kujibu maswali yao. Ukikiuliza idadi, kiligonga mara hizo. Majirani waliitwa, wakauliza, wakajibiwa, na baada ya siku chache maelezo yao yalikusanywa na kuchapwa katika kijitabu chenye majina ya walioshuhudia. Dada yao mkubwa, Leah, aliyekuwa akiishi Rochester, aliwachukua chini ya uangalizi wake. Tarehe 14 Novemba 1849 onyesho la kwanza la hadhara, la kulipia kiingilio, lilifanyika katika ukumbi wa Corinthian mjini humo, na baada yake iliteuliwa kamati ya wananchi kuwachunguza. Tangu mwanzo kabisa, basi, mgongo wa habari hii ulikuwa kijitabu, ukumbi na kamati.

Wakati nao ulisaidia. Miaka minne tu kabla ya Hydesville, Samuel Morse alikuwa ametuma ujumbe wake maarufu wa telegrafu kutoka Washington hadi Baltimore. Ikiwa mgongano wa chuma unaweza kubeba maneno ya mtu asiyeonekana aliye mbali, wengi walisema, kwa nini mgongano wa mbao usibebe maneno ya marehemu? Ndiyo sababu neno telegrafu liliingia katika majina ya magazeti yao.

Mwaka 1852 Maria Hayden, mkazi wa Boston, alivuka bahari kwenda London akiwa mjumbe wa roho, mtu ambaye kupitia kwake wafu walisemekana kuleta habari zao. Magazeti mengi yalimdhihaki. Hata hivyo alimpata mtu mmoja mzito: Robert Owen, mwanzilishi wa fikra za ushirika na mtetezi wa wafanyakazi, ambaye maisha yake yote alikuwa hakubaliani na dini yoyote. Akiwa na umri uliopita miaka 80, Owen alitangaza mwaka 1853 kwamba ameshawishika. Mwaka huohuo mfuasi wake wa zamani, David Richmond, alileta mafundisho hayo Keighley na kuyaonyesha mbele ya wafanyakazi wa mji. Kwa watu hao roho hazikuja na moto wa milele wala mapadri. Zilifundisha kwamba kila mtu, tajiri na maskini, huendelea kukua baada ya kufa.

Katika nyumba za wenye nafasi, mchezo wa mwaka 1853 ulikuwa meza. Watu waliketi kuizunguka, wakaweka mikono juu yake, wakasubiri, na meza ikaanza kuzunguka au kuinama. Michael Faraday, mwanasayansi mashuhuri wa umeme, alichoshwa na barua za watu waliomwuliza kama nguvu hiyo ni ya umeme. Akaamua kupima. Alichukua vibao viwili vyembamba, akavitenganisha kwa vijiti vya kioo vya mviringo ili cha juu kiweze kuteleza juu ya cha chini, akavifunga kwa mipira, kisha akaunga mshale mwepesi wa kuonyesha kibao kipi kimetangulia kusogea. Walioweka mikono walikuwa watu waaminifu, waliokuwa na hakika kwamba meza ndiyo inayowavuta. Mshale ukaonyesha kinyume: kibao cha juu, chenye mikono, ndicho kilichotangulia. Mikono ndiyo iliyokuwa ikiisukuma meza. Tena, watu hao walipoachwa wautazame mshale, meza ilitulia kimya. Faraday alitangaza matokeo yake katika gazeti la The Times mwishoni mwa Juni 1853. Hakumwita mtu yeyote mwongo. Alisema wamejidanganya pasipo kujua, na hukumu hiyo ilikuwa nzito zaidi.

Meza zilipungua, lakini wajumbe wa roho waliongezeka. Maarufu kupita wote alikuwa Daniel Dunglas Home, mzaliwa wa Scotland aliyekulia Marekani na kufika London mwaka 1855. Alipokewa na wafalme na matajiri wa Ulaya. Mshairi Elizabeth Barrett Browning alimwamini, mumewe Robert Browning akamchukia. Mwaka 1864, mkewe akiwa amefariki, Browning alichapisha shairi refu kuhusu mjumbe laghai aitwaye Sludge, na kila msomaji alijua nani anayelengwa. Miaka minne baadaye Home alifikishwa mahakamani na mjane tajiri, Jane Lyon, aliyempa jumla ya pauni 60,000 kwa madai kwamba roho ya marehemu mumewe ndiyo iliyoagiza. Mahakama ilimwamuru Home azirudishe.

Kashfa kama hizo hazikuwavunja moyo waumini, kwa kuwa kufikia hapo walikuwa na nguvu mpya mkononi. Ushuru wa stempu kwa magazeti ulifutwa mwaka 1855, na ule wa karatasi mwaka 1861. Uchapaji ukawa rahisi, na kila kundi likataka sauti yake. The Spiritual Magazine lilianza mwaka 1860. The Spiritualist la William Henry Harrison, mwandishi wa habari za sayansi, lilianza mwaka 1869 likiwa na lugha ya maabara. The Medium and Daybreak la James Burns lilianza mwaka 1870 na kuwalenga watu wa kawaida. Burns aliendesha pia duka la vitabu na maktaba katika mtaa wa Southampton Row jijini London.

Magazeti hayo yalikuwa na kazi mbili. Kwanza yaliunganisha vikundi vidogo vilivyotawanyika, kila kimoja kikikutana sebuleni kwa mtu. Pili yaliwapa wanawake jukwaa lililokuwa adimu. Emma Hardinge Britten alihutubia kumbi zilizojaa watu akisema kwamba roho ndizo zinazompa maneno, na mwaka 1870 akachapisha historia nene ya uspiritualisti wa Marekani. Georgina Houghton alichora picha za rangi zilizopindana na kufumwa kama nyuzi, bila umbo la kitu chochote kinachojulikana, akidai mkono wake unaongozwa. Mwaka 1871 alikodi jumba katika mtaa wa Old Bond Street na kuonyesha michoro 155. Wanunuzi walikuwa wachache mno, na hasara ilikaribia kumfilisi. Leo wanahistoria wa sanaa wanazitaja picha zake kuwa miongoni mwa michoro ya mwanzo kabisa ya sanaa isiyoiga maumbo Ulaya.

Vyama navyo vikafuata. Mwaka 1869 chama cha midahalo cha London, London Dialectical Society, kiliunda kamati ya kuchunguza. Ripoti ilipokuja kuwa na mwelekeo wa kuunga mkono, chama kilikataa kuichapa, na kamati ikaichapa yenyewe mwaka 1871. Mwaka 1873 waumini waliunda chama chao cha kitaifa, ambacho baadaye kilikuwa na ofisi na chumba cha kusomea katika mtaa wa Great Russell, karibu na jumba la makumbusho la taifa.

Wanasayansi wawili wakubwa waliwaunga mkono. Alfred Russel Wallace, aliyegundua nadharia ya uteuzi asilia sambamba na Charles Darwin, alikusanya hoja zake katika kitabu kilichotoka katikati ya miaka ya 1870. William Crookes, mgunduzi wa elementi ya thaliamu, alikuwa amefiwa na mdogo wake Philip mwaka 1867, aliyeuawa na homa ya manjano akiwa kazini kutandaza kebo ya telegrafu karibu na Cuba. Crookes alimpima Home kwa mizani na vyombo, kisha mwaka 1874 akatangaza kwamba amepiga picha roho aitwaye Katie King, aliyetokea katika vikao vya msichana Florence Cook. Wenzake walishangaa kwamba mtu makini kiasi hicho hakuona jinsi Katie alivyofanana na Florence.

Kesi iliyowagawa watu waziwazi ilikuja mwaka 1876. Henry Slade, Mmarekani, alishika kibao cha kuandikia chini ya meza, na baada ya muda kibao kikatoka na maandishi ya roho. Edwin Ray Lankester, mwanazuolojia kijana, alilipa ada, akaketi, kisha akakinyakua kibao kabla ya muda ambao roho ilipaswa kuandika. Maandishi yalikuwa tayari yapo. Slade alishtakiwa katika mahakama ya Bow Street chini ya sheria ya wazururaji ya mwaka 1824. Wallace alifika kumtetea. Darwin, kimyakimya, alichangia pauni 10 kwa upande wa mashtaka. Slade alihukumiwa kifungo cha miezi mitatu na kazi ngumu, lakini rufaa ilimwokoa kwa kasoro ya maneno katika hati ya mashtaka, akaondoka nchini kabla hajashtakiwa upya.

Baada ya fedheha hiyo, baadhi ya wasomi waliona suala haliwezi kuachwa mikononi mwa waumini wala wa wapinzani. Mwaka 1882 ilianzishwa Society for Psychical Research, yaani chama cha utafiti wa mambo ya nafsi. Rais wake wa kwanza alikuwa Henry Sidgwick, mwanafalsafa wa Cambridge, na pamoja naye walikuwa Frederic Myers na Edmund Gurney. Mwanzoni Waspiritualisti wengi walijiunga. Chama kilikusanya maelfu ya barua za watu walioona maono ya ndugu zao saa walipokuwa wakifa, na mwaka 1886 kikachapa juzuu mbili zenye mifano takriban 700.

Mwaka huohuo yakatokea mabishano kuhusu William Eglinton, mjumbe mwingine wa vibao. Waumini walileta ripoti lukuki za mashahidi walioapa kwamba kibao hakikutoka machoni pao hata dakika moja. Kijana mmoja mwanachama, S. J. Davey, akaamua kuzipima ripoti zenyewe. Alijifunza kiinimacho hadi akaweza kutoa maandishi ya vibao kama Eglinton, akawaita watu kwenye vikao, akawaomba waandike walichokiona. Ripoti zao zilipolinganishwa na yale yaliyofanyika kweli, makosa yalikuwa mengi. Watu wenye akili timamu walisahau kwamba Davey alitoka chumbani. Walipanga matukio kwa mfuatano usio wake. Waliandika kwamba walikagua kibao kumbe hawakukigusa. Davey na mwenzake Richard Hodgson walichapisha matokeo hayo mwaka 1887. Stainton Moses, mwandishi mashuhuri wa upande wa waumini, alikuwa amekwisha kujiuzulu uanachama wa chama hicho, na wengine wakamfuata.

Pigo la mwisho la miaka hiyo lilitoka nyumbani. Tarehe 21 Oktoba 1888, katika ukumbi wa Academy of Music jijini New York, Maggie Fox alipanda jukwaani, akavua kiatu, akaweka mguu juu ya kigoda cha mbao. Sauti za kugonga zikasikika ukumbi mzima. Madaktari walipanda, wakachunguza, wakathibitisha kwamba zinatoka kwenye kiungo cha dole gumba. Mwaka uliofuata alikana ungamo lake, lakini ni wachache tu kati ya waliomdhihaki waliobadili mawazo. Alifariki mwaka 1893 akiwa fukara.

Harakati hazikufa naye. Mjini Manchester, Emma Hardinge Britten alikuwa ameanzisha gazeti la The Two Worlds mwaka 1887, na makanisa ya Waspiritualisti ya kaskazini yakaungana katika muungano wa kitaifa ambao upo hadi leo. Mtu aliyefiwa hatafuti kwanza hoja, hutafuta faraja, na faraja hiyo iliendelea kutolewa kila Jumapili.

Lakini kwa kesi waliyoifungua wenyewe, Waspiritualisti walishindwa, tena kwa kipimo walichokiomba. Walitaka roho zihukumiwe kwa ushahidi wa walioona, na uchunguzi ukageuka ukawahukumu walioona. Faraday alionyesha kwamba mkono unaweza kusukuma bila mwenyewe kujua. Davey alionyesha kwamba kumbukumbu inaweza kudanganya bila mwenyewe kukusudia. Hayo mawili yamebaki kuwa faida kubwa kuliko maandishi yote ya vibao. Basi ukisikia mtu akiapa kwamba jambo la ajabu ameliona kwa macho yake mawili, usiharakishe kumwita mwongo. Mwulize aliandika lini, nani alikuwa akishika kifaa, na nani alitoka chumbani.