Kutoka Butega Hadi Chapa ya Nguo

Kabla ya faranga kufika Idjwi, wazee wetu walikuwa na fedha iliyovaliwa mguuni. Iliitwa butega. Ilikuwa vikuku vyembamba vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea ya mwituni, kazi ya mikono ya Batembo wakaao magharibi ya ziwa Kivu, nyuma ya milima. Bahavu waliinunua kwao, wakaipakia katika mitumbwi, wakaivusha mpaka Rwanda. Huko wanawake, hasa wale wa nyumba kubwa, waliivaa kwa wingi miguuni. Mitumbwi ikarudi na mbuzi, na mara nyingine na ng'ombe. Mtu mwenye mashada ya butega nyumbani kwake hakuwa maskini.

Twaanza na habari hiyo kwa sababu wako wanaosema kwamba kupenda mapambo ni ugonjwa ulioletwa na Wazungu, au na simu za siku hizi. Sivyo. Bibi zetu walipenda kupendeza, tena hawakuona haya. Lakini tuangalie vizuri pambo lao. Lilivaliwa leo, na kesho likahesabiwa sokoni. Njaa ilipokuja, lilivuliwa mguuni likawa chakula. Hakuna aliyefilisika kwa sababu ya kuvaa butega, maana kuivaa kulikuwa ndiko kuiweka akiba.

Katika karne hiyohiyo ya 19, mbali sana na ziwa letu, kitambaa kimoja kilikuwa kikishuka katika bandari ya Unguja. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mapatano ya biashara na Marekani, na merikebu za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikazidi kuleta nguo ya pamba, nzito, isiyopaushwa. Watu wa pwani wakaiita merikani. Misafara ikaichukua bara, ikapimwa kwa shuka na kwa doti, ikalipa ushuru wa njiani na posho za wapagazi. Huku kwetu ilichelewa. Rwanda ya Mwami Rwabugiri haikuwafungulia mlango wafanya biashara wa pwani, na watu wengi kandokando ya ziwa waliendelea kuvaa ngozi na nguo za magome ya miti.

Mwaka 1835 daktari wa manowari ya Kimarekani, jina lake Ruschenberger, alifika Unguja, akaandika jambo ambalo lingeweza kuandikwa leo katika soko la Kadutu. Alisema kwamba Waingereza walikuwa wakiigiza nguo ya Marekani, hata kuipiga yao chapa za Kimarekani. Nao wanunuzi, kwa kuwa walijua kwamba ile ya Marekani ni imara na hudumu kuliko nyingine, waliogopa kudanganywa, wakakataa kabisa kununua kwa Waingereza. Ni kweli kwamba daktari huyo alikuwa akisifu bidhaa za nchi yake mwenyewe, na mtu akisifu cha kwao tumsikilize kwa sikio moja. Lakini jina merikani limebaki katika kamusi ya Kiswahili hata sasa, nalo halikubaki bure.

Hapo ndipo twapenda msomaji asimame kidogo. Wale watu wa pwani hawakuwa watumwa wa chapa. Walikuwa wameifua nguo hiyo, wameibebea mizigo, wameilalia, wakaona haichaniki upesi. Chapa ilikuwa kwao kama shahidi barazani: ilisema habari za nguo, na nguo yenyewe ikathibitisha. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kisha shahidi akaanza kusema peke yake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipandisha sana bei ya pamba, na merikani ya Salem ikaadimika. Baadaye viwanda vya Bombay vikafuma nguo ya namna ileile, ikaja Afrika ya Mashariki kwa wingi. Watu wakaendelea kuiita merikani, ingawa ilitoka Bara Hindi. Jina lilikuwa limeachana na mahali pake.

Katika Kongo yetu jina liliachana na kitu kwa njia nyingine, iliyo chungu zaidi. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilitoa kadi ya sifa za uraia kwa Wakongo waliohesabiwa kuwa wamestaarabika, wale walioitwa kwa Kifaransa évolués. Mwaka 1952 ikaongeza daraja la pili, lililomkaribisha Mkongo katika sheria za Wazungu. Ili kupewa, haikutosha kujua kusoma na kuwa na mwenendo mwema. Wakaguzi waliingia nyumbani mwa mwombaji. Walitazama kama kuna vijiko na uma, na kama baba, mama na watoto hukaa pamoja mezani. Patrice Lumumba mwenyewe alipitia mlango huo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950, waliokubaliwa katika daraja la pili nchi nzima walikuwa kama 200 tu.

Sisi hatuwacheki wale baba waliokubali kukaguliwa. Walikuwa wakiwatafutia watoto wao haki ambayo haikupaswa kutegemea uma. Lakini fundisho lililobaki vichwani mwa watu lilikuwa baya: kwamba vyombo vya nyumbani vyaweza kushuhudia thamani ya mtu. Butega haikusema hivyo. Merikani ya mwaka 1835 haikusema hivyo.

Mobutu alitaka kuling'oa fundisho hilo, au alisema anataka. Tangu mwaka 1972 suti na tai vilipigwa marufuku, na wanaume wakavaa abacost, koti lisilo na tai, ambalo jina lake latokana na maneno ya Kifaransa ya kuipinga suti. Vazi la heshima ya Mwafrika! Kumbe abacost zilizosifiwa kupita zote zilishonwa Ubelgiji, katika kiwanda cha Arzoni kule Zellik, na wakubwa walijua kuzitambua kwa macho. Basi kola ilibadilika, majivuno hayakubadilika. Katika hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu aliruhusu tai tena.

Wakati huo vijana wa Kinshasa walikuwa wamekwisha kujibu kwa namna yao. Papa Wemba, aliyeanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977 na kufariki mwaka 2016, alikuwa kiongozi wa wale wanaoitwa sapeurs, watu wanaovaa nguo za washonaji wakubwa wa Paris, Italia na Japani, na kuyataja majina yao hadharani kama mtu anavyotaja ukoo wake. Wapo wanaowaonea kijicho, wapo wanaowadharau. Sisi twasema hivi: katika nchi ambako dola ilikuwa inamwagiza mtu hata kola ya shati lake, kijana kutembea amependeza kulikuwa pia ni kusema «mimi ni mtu». Hilo twalielewa. Ila wako waliolala njaa ili wavae viatu, na hilo hatuwezi kulipamba kwa maneno.

Sasa turudi kisiwani. Mashamba ya Idjwi ni madogo, watu ni wengi, na fedha nyingi za nyumbani hutoka katika kahawa, nanasi na samaki. Kutoka Bugarula au Monvu mtu hupanda mashua kwenda Bukavu kununua vitu vya ndoa. Katika orodha ya mahari vimo vikwembe vya mama, na mara nyingi huandikwa waziwazi kwamba viwe waksi ya Uholanzi. Kiwanda cha Vlisco, huko Helmond, kipo tangu mwaka 1846, na chapa yake huandikwa kwenye pindo la kitambaa. Waksi yake halisi ni nzuri kweli, rangi haitoki upesi. Mama wengi wa Kongo huiweka sandukuni bila kuishona, na siku mtoto anapougua huitoa wakaiuza. Mama huyo hafanyi israfu. Yeye ndiye mjukuu halali wa wale waliovaa butega.

Lakini katika meza za soko kuna kitambaa kingine chenye maneno yaleyale, kilichopigwa rangi kwa mashine mahali pengine, kikauzwa kwa bei ndogo. Kuna na viatu vyenye alama za viwanda vikubwa, ambavyo nyayo zake huachia katika tope la mvua ya kwanza. Ujanja huo ni uleule wa mwaka 1835. Tofauti iko kwa mnunuzi. Yule wa Unguja aliikataa nguo ya uongo kwa sababu alitaka nguo. Huyu wetu mara nyingi anajua kwamba ni uongo, na anainunua kwa sababu anaitaka chapa.

Na gharama yake ni ya kweli. Kuna baba wanaouza kahawa ingali mtini, kwa bei ya mkopeshaji, ili harusi isisemwe vibaya. Katika vigango tumejua wazazi waliomzuia mtoto asije kwa Komunyo ya Kwanza kwa sababu viatu vyake si vya namna ya wenzake, ilhali alikuwa amejua katekisimu yake yote. Kanisa humvika mbatizwa nguo nyeupe, na haliulizi imetoka kiwanda gani. Mkopo wa harusi moja hula ada ya shule ya miaka, na shamba dogo likiwekwa rehani halirudi kirahisi.

Wako mama kisiwani wanaojua kununua, na kijana anayejiandaa kuoa afadhali aende Bukavu pamoja na mmoja wao. Mama hukishika kikwembe kwa vidole viwili, akakisugua. Hukigeuza, maana waksi ya kweli ina rangi pande zote mbili. Hulowesha ncha kidogo, akaikamua juu ya kitambaa cheupe. Huuliza bei, akaenda zake meza ya pili, akarudi. Maandishi ya kwenye pindo huyasoma mwisho.