Nakala 42

Nilipokuwa na miaka 13 niliuza maktaba ya mjomba wangu kwa kilo.

Maktaba ni neno kubwa, kwa kweli. Lilikuwa sanduku la bati chini ya kitanda, pale Chumbageni, Tanga, limejaa vijitabu vya hadithi: vya upelelezi, vya mapenzi, na vichache vya majini. Vingine vilitoka kwa wachapishaji wenye ofisi na mhuri. Vingine vilichapishwa na watunzi wenyewe kwa hela zao, halafu wakavibeba kwenye begi na kuviuza stendi ya mabasi. Mimi nilitaka hela ya mpira. Muuza karanga alitaka karatasi za kufungia. Basi tukaelewana.

Mjomba aliporudi safari hakunipiga. Alivuta sanduku, akaona utupu, akakaa kitandani. Akauliza tu, "Hata lile la jini, mjomba?" (Kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo wote wawili.) Nikasema hata lile.

Lile la jini halikuwa na jalada, kwa hiyo sikuwahi kujua jina lake wala la mtunzi. Jini anapanga chumba gesti ya Pangani, kila asubuhi analipa kwa noti mpya, na kila jioni mwenye gesti akifungua kasha anakuta majani ya mkungu. Nalikumbuka hadi leo kuliko vitabu vingi nilivyofundishwa darasani. Nimelitafuta miaka na miaka.

Nimeanza na hilo kwa sababu watu huniuliza, mtu wa Tanga amepata wapi ugonjwa wa kukusanya vijitabu vya hadithi za kutisha vya Wamarekani wa miaka ya 1930. Nimejaribu majibu mengi. La kweli ni hilo.

Ugonjwa wenyewe ulinikamata Providence, Rhode Island, nilikopelekwa na masomo yasiyohusiana kabisa na fasihi. Kulikuwa na baridi ya kukata masikio, nikaingia duka la vitabu vya mitumba ili nipate joto tu. Mlangoni palikuwa na boksi la vijitabu vyembamba vilivyobanwa kwa pini mbili katikati, vya Necronomicon Press, kampuni ndogo aliyoianzisha Marc Michaud mwaka 1976, hapohapo Rhode Island. Nilikishika kimoja. Uzito wake, pini zake, karatasi yake ya bei nafuu: mkono wangu ulilitambua sanduku la mjomba kabla kichwa hakijatambua. Nikanunua vitano.

Vingi vilimhusu H. P. Lovecraft, mwenyeji wa mji huo, ambaye leo jina lake limo kwenye filamu, michezo ya kompyuta na tisheti. Ukimsoma leo katika kitabu kinene chenye jalada gumu, unaweza kudhani aliishi kama waandishi wakubwa wanavyoishi. Wapi! Alifariki tarehe 15 Machi 1937 akiwa fukara, na kitabu cha hadithi zake kilichotoka akiwa hai kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa aibu ya uchapaji.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1914 Lovecraft alijiunga na chama cha wachapaji wa ridhaa, United Amateur Press Association. Fikiria mchezo wa kupeana zamu, ila badala ya pesa mnapeana majarida: kila mwenye uwezo anachapa lake, anawapostia wenzake, nao wanampostia yao. Hakuna anayelipwa. Lovecraft alikuwa na lake, The Conservative, lililotoka mara 13 kati ya 1915 na 1923. Hadithi yake "Dagon" ilitoka mwaka 1919 katika The Vagrant, jarida la rafiki yake W. Paul Cook, miaka minne kabla Weird Tales, gazeti ambalo ndilo lingekuja kumlipa, halijazaliwa.

Kizazi cha pili kilitokana na barua za wasomaji. Hugo Gernsback alipoanzisha Amazing Stories mwaka 1926, alikuwa akichapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao kamili. Vijana wakaonana humo, wakaanza kuandikiana wao kwa wao, na mwaka 1930 kikundi cha Chicago kikatoa The Comet, ambacho wengi wanakihesabu kuwa kijarida cha kwanza cha mashabiki wa hadithi za kisayansi. Neno lenyewe, fanzini, lilikuja baadaye, 1940, kutoka kwa shabiki aitwaye Louis Russell Chauvenet. Hawa hawakuwa na mitambo. Walikuwa na taipureta na stensili, kama zile zilizotuchapia mitihani ya shule ya msingi, wino ukitapakaa hadi pembeni. Cleveland, Januari 1933, vijana wawili, Jerry Siegel na Joe Shuster, walichapa kwa njia hiyo hadithi ya mtu mwovu mwenye nguvu kupita binadamu. Miaka mitano baadaye walimgeuza kuwa mwema na kumvalisha joho jekundu, na dunia nzima ikamjua Superman.

Kwa upande wa hadithi za kutisha kulikuwa na The Fantasy Fan. Mhariri wake, Charles Hornig, alikuwa na miaka 17. Gernsback alipoona toleo la kwanza la Septemba 1933 alimwajiri kijana huyo awe mhariri wa gazeti lake la kibiashara, Wonder Stories! Kijarida kiliendelea kwa matoleo 18, kikafa Februari 1935. Ndani yake Lovecraft alikuwa akitoa kwa vipande insha yake ndefu ya historia ya fasihi ya kutisha. Kijarida kilikufa kabla insha haijaisha. Mtu anaeleza karne kwa karne, halafu katikati ya maelezo, kimya.

Huo ukatikaji ndio ninaoupenda na kuuogopa katika vitu hivi. Cook alichapa kurasa za The Shunned House mwaka 1928, nakala kama 300 hivi, akakusudia kuzijalidi. Mke wake akafariki, hela zikamwishia, na kurasa zikabaki karatasi tupu zilizokunjwa, zikihamishwa kutoka nyumba hadi nyumba kwa zaidi ya miaka 30. Clark Ashton Smith, mshairi wa California, alikusanya hadithi sita zilizokuwa zimekataliwa na magazeti, akawalipa wachapaji wa gazeti la mji wake wamtolee nakala 1,000 za The Double Shadow, mwaka 1933, akauza kila moja senti 25. Makosa yalikuwa mengi, akakaa nyumbani akiyasahihisha kwa kalamu, nakala moja baada ya nyingine. Ukiipata leo utaona wino wake. Mimi sijaipata, na kwa bei zake za sasa afadhali niuze figo.

Na kile kitabu cha aibu? The Shadow over Innsmouth kilitolewa mwaka 1936 na William Crawford, Everett, Pennsylvania. Zilichapwa nakala 400, zikajalidiwa kama 200, zilizobaki zikaharibiwa. Makosa yalikuwa ya kutia huruma hata baada ya kuongezwa karatasi ya masahihisho. Lovecraft alilalamika sana kwenye barua zake. Miezi michache baadaye alikuwa kaburini.

Niliiona nakala moja katika maktaba ya John Hay, Chuo Kikuu cha Brown. Nilikaa mezani, mikono imeoshwa, nikaisoma hadithi niliyokuwa nimeisoma mara nyingi, na hapo katikati nikasimama. Maana hadithi ile inahusu mji ambao wenyeji wake wamechanganya damu na viumbe wa baharini, na kinachomtisha msimulizi ni mchanganyiko wenyewe. Mtunzi huyu alitudharau sisi weusi waziwazi, katika barua na hata katika shairi la ujanani lenye sumu tupu. Mimi mtoto wa pwani, ambaye ukinichunguza ukoo utakuta Msegeju, Mdigo na Mshihiri, ni kiumbe wa Innsmouth kabisa. Asingenikaribisha barazani kwake hata kama mvua inanyesha.

Nnedi Okorafor, mwandishi mwenye asili ya Nigeria, alikutana na jambo hili kwa ukali zaidi: mwaka 2011 alishinda tuzo ya World Fantasy, na tuzo yenyewe ilikuwa kichwa cha Lovecraft. Aliandika wazi jinsi lilivyomkwaza. Mwaka 2015 waandaaji wakatangaza kuacha kukitumia. Walifanya vizuri. Ila kuondoa kichwa kwenye tuzo ni jambo moja na kutunza karatasi ni jingine. Yale majarida ya ridhaa yamehifadhi chuki yake pamoja na kipaji chake, na laiti yangefungiwa karanga, leo wapenzi wake wangeweza kutuambia kwamba alikuwa mpole tu, mzee wa kale, msimsingizie. Hawawezi. Karatasi ipo.

Na karatasi ipo kwa sababu ya mtoto. R. H. Barlow alikuwa na miaka 13 alipomwandikia Lovecraft barua ya kwanza, 1931. Umri uleule, ndiyo. Alikuwa na tabia moja ya ajabu: aliomba miswada. Lovecraft alichukia kupiga taipu kuliko kitu chochote, basi kijana akajitolea kumpigia, kwa sharti kwamba abaki na karatasi za mkono. Lovecraft alimtembelea kwao DeLand, Florida, mwaka 1934 na tena 1935. Krismasi ya 1935 Barlow alimshangaza rafiki yake kwa zawadi: hadithi fupi "The Cats of Ulthar", imechapwa kama kijitabu. Nakala 42.

Nimeifikiria sana hesabu hiyo. 42 si hesabu ya biashara wala ya umaarufu. Ni hesabu ya watu unaoweza kuwataja kwa majina.

Lovecraft alipofariki alikuwa amemwachia Barlow, kijana wa miaka 18, jukumu la maandishi yake. Baadhi ya marafiki wakubwa walimwona mwizi. Huyo mwizi ndiye aliyeipelekea maktaba ya John Hay karatasi zile, bila yeye sijui ningekuwa nimekaa kwenye meza gani. August Derleth na Donald Wandrei walipoanzisha Arkham House mwaka 1939, kitabu chao cha kwanza cha Lovecraft kilikuwa nakala 1,268, na kuzimaliza kuliwachukua kama miaka minne. Heshima yao kubwa, sitaki kuipunguza, lakini mengi waliyafanyia kazi kutokana na taipu za Barlow. Yeye mwenyewe alihamia Mexico, akawa bingwa wa lugha ya Kinahuatl, akafariki 1951 akiwa na miaka 32. Mswada mmoja alioupata kwa njia yake ile ya kupiga taipu, wa "The Shadow out of Time", ulidhaniwa umepotea hadi katikati ya miaka ya 1990, ulipoibuka Hawaii. Hadithi hiyo ilikuwa imesomwa kwa miaka 60 ikiwa imekatwakatwa na wahariri, na hakuna aliyekuwa na cha kulinganishia.

Sasa ninaishi Dar. Vijitabu vyangu 200 na kitu vimo kwenye mifuko ya plastiki, ndani ya ndoo zenye mifuniko, kwa sababu adui wa hapa si moto, ni hewa ya bahari. Pini zinaota kutu, kutu inakula karatasi. Nimejifunza kuzing'oa polepole kwa kisu cha siagi na kushona kwa uzi wa pamba. Mke wangu anasema nimekuwa fundi nguo wa wafu. Halafu kuna mende, ambao gundi ya zamani kwao ni biriani.

Ndoo moja ni tofauti. Humo naweka vyetu: riwaya za stendi za miaka ya 1970 na 1980, zenye majalada ya rangi mbili na mwanamke aliyeshika bastola vibaya. Naviokota kwa wauza vitabu wa mitumba wa Posta na Kariakoo. Watunzi wachache walipata jina, kama Ben Mtobwa, ambaye hakungoja mchapishaji, akaanzisha Heko yake mwenyewe. Wengi hawakupata. Huwa nauliza kila muuzaji swali lilelile, kitabu cha jini aliyepanga gesti Pangani, na wamenizoea. Wananiita Mzee wa Majani.

Mjomba bado yupo. Macho yamekwisha, kwa hiyo nikienda Tanga ninamsomea. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza tangu siku ile, nilimuuliza jina la kitabu lilikuwa nani. Akacheka. Alisema na yeye alikinunua bila jalada, kwenye treni ya Moshi, kwa mtu aliyekuwa akikisoma na akashukia Korogwe kabla hajakimaliza. "Ila mwisho naujua," akasema. "Wewe ulifika mwisho?"

Sikuwa nimefika. Nilikiuza nikiwa katikati.

Akanisimulia hapo kitandani, gesti, noti, majani na kilichomkuta mwenye gesti usiku wa saba, kwa dakika kama arobaini, akirudi nyuma pale alipokosea. Niliandika kila neno. Nimeanza kuuliza bei ya kuchapa kijitabu cha kurasa 24, pini mbili katikati. Fundi wa Kariakoo anataka idadi ya nakala, na bado napanga majina.