Majina ya Mikoko na Hifadhi ya Pwani ya Bagamoyo

Mgeni atazamaye pwani, toka mlango wa mto Ruvu hata mlango wa Wami, huona msitu mmoja. Mwenyeji huona miti mbalimbali, kila mmoja na jina lake na kazi yake. Mkandaa na msinzi hutoa boriti, ambazo zamani zilipakiwa majahazini hata Arabuni. Magome ya mkoko yalitumika kutengenezea ngozi. Mlilana hutoa mataruma ya vyombo. Mchu huwa kuni.

Sheria haikufuata hesabu hiyo. Wadachi walianza kuihifadhi mikoko ya Rufiji mwaka 1898. Waingereza, kati ya 1928 na 1932, wakaifanya mikoko ya pwani kuwa misitu ya serikali. Mwaka 1987 ukataji ulipigwa marufuku bara zima, miti yote sawasawa. Mpango wa mwaka 1991 ndio uliogawa msitu: mahali pa kulindwa kabisa, pa kuvunwa kwa kiasi, pa kupandwa upya, na pa kazi nyingine.

Basi twaona kwamba neno moja, mikoko, latosha katika amri ya kukataza, lakini halitoshi katika mpango. Apangaye hana budi kujua upi hukatwa na upi huachwa, maana katika mizizi hiyo ndimo wakuliamo samaki na kamba. Elimu hiyo imehifadhiwa katika majina. Yafaa wazee wa Kaole na Mlingotini waulizwe, na majina yaandikwe, kabla ya ramani kuchorwa.