Virusi na Saratani ya Mapafu: Ushahidi wa Nchi za Ziwa

Mabatini ni mtaa wa Mwanza wenye watu wengi, si mbali na kilima cha Bugando, ambako hospitali ya rufaa ya nchi za Ziwa ilifunguliwa mwaka 1971. Mkazi wa mtaa huo aambiwapo na madaktari kwamba ana saratani ya mapafu, jamaa zake huenda wasianze kwa kuuliza dawa. Huuliza kama ugonjwa huo huambukiza, na kama sahani na kikombe chake vitengwe. Swali hilo si la kuchekwa. Kikohozi kisichokoma, damu katika makohozi na kukonda ni dalili za kifua kikuu vilevile, na kifua kikuu huambukiza kweli. Tena wataalamu wenyewe wamelichunguza kwa miaka mingi swali lililo jirani yake, yaani kama virusi vyaweza kuwa na mkono katika kuzaliwa kwa saratani. Sehemu kubwa ya jibu ilitafutwa katika nchi zinazolizunguka ziwa hili, ingawa haikutafutwa katika mapafu bali katika taya za watoto.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliitwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Baada ya muda mfupi akamwona mwingine wa namna hiyo hiyo huko Jinja. Mwaka 1958 alitangaza habari za uvimbe huo, kisha akaanza kuuliza wapi unaonekana na wapi hauonekani. Mwishoni mwa 1961, yeye na wenziwe wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika ya Kusini na kurudi, mwendo wa maili zipatazo 10,000, wakipita hospitali hata hospitali na kuonyesha picha za wagonjwa. Ramani waliyoipata ilikuwa ya ajabu. Karibu na ikweta uvimbe haukupanda nyanda za juu zinazozidi mita 1,500 hivi. Ulipenda nchi za joto na mvua, kama hizi za ufuko wa ziwa. Burkitt alidhani huenda kuna kirusi kinachochukuliwa na mbu. Dhana hiyo ilikuwa na kosa, lakini ni kosa lililozaa matunda kuliko kweli nyingi.

Mwezi Machi 1961 Burkitt alikuwa ameyasema hayo London, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein. Huyu alipelekewa vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Uganda, akavichungua kwa hadubini ya elektroni, na kwa muda mrefu asione kitu. Hatimaye, mwaka 1964, yeye na Bert Achong na Yvonne Barr walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya chembe za uvimbe zilizooteshwa katika chupa. Ndicho kiitwacho hadi leo kirusi cha Epstein na Barr. Jina la Achong, mtu wa Trinidad, liliachwa nje.

Basi ingedhaniwa kwamba kesi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa imeanza, kwa maana ilibainika upesi kwamba kirusi hicho kimo katika watu wazima zaidi ya 90 katika kila 100, duniani kote, na wengi wao hawapati saratani kamwe. Kitu kilichomo ndani ya kila nyumba hakiwezi kushtakiwa kwa wizi kwa sababu tu kimekutwa katika nyumba iliyoibiwa. Ushahidi ulipaswa kutafutwa kabla ya ugonjwa kutokea. Kuanzia 1972, katika jimbo la West Nile nchini Uganda, ilichukuliwa damu ya watoto wapatao 42,000 walio wazima, ikawekwa. Na matokeo yaliyotangazwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba wale waliougua baadaye tayari walikuwa na alama nyingi mno za kirusi hicho katika damu yao.

Ikabaki kueleza kwa nini hapa na si kwingine. Malaria ndiyo iliyotiliwa shaka, maana huichokoza bila kukoma kinga ya mwili wa mtoto. Mashariki ya ziwa, katika wilaya ya Mara Kaskazini, watoto waligawiwa vidonge vya klorokwini kuanzia 1977 hadi 1982. Uvimbe ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya vidonge, na malaria yenyewe ilishuka kwanza kisha ikapanda tena. Waliofanya kazi hiyo walikiri wazi kwamba hukumu haikukamilika. Ungamo hilo lastahili heshima zaidi kuliko ushindi uliotangazwa kwa haraka.

Kwa kipimo hicho ndipo yafaa kuyapima mapafu. Kwa kondoo hakuna ubishi: ugonjwa ambao wafugaji wa Afrika ya Kusini waliuita jaagsiekte ni saratani ya mapafu iletwayo na kirusi, nao ulimpata hata Dolly, kondoo mashuhuri wa Scotland, akauawa mwaka 2003. Kwa wanadamu, kirusi cha Epstein na Barr kilikutwa mwaka 1987 katika saratani ya mapafu ya namna ya pekee, ambayo ni adimu na huonekana zaidi kwa watu wa Asia ya Mashariki na Kusini-Mashariki. Kari Syrjänen wa Finland alikwisha kusema mwaka 1979 kwamba kirusi cha papiloma, kile cha saratani ya mlango wa kizazi, huenda kinahusika na mapafu pia. Tangu hapo wengine wamekiona katika vivimbe vya mapafu na wengine hawakukiona, na tofauti hizo zafuata nchi na namna ya kupima. Kuwapo kumeshuhudiwa, kusababisha bado. Tumbaku, kwa upande wake, ilikwisha kuhukumiwa tangu miaka ya 1950 kwa ushahidi usio na kifani.

Kwa hiyo jamaa wa mgonjwa wa Mabatini waweza kujibiwa bila kusitasita: sahani isitengwe. Hata pale kirusi kinapohusika, kinachopita kutoka mtu hata mtu ni kirusi, nacho aghalabu hukaa kimya maisha yote. Saratani yenyewe haipiti.

Mjini Mwanza, kuanzia 2017, wasichana 930 waliingizwa katika majaribio ya chanjo ya papiloma, na mwaka 2018 serikali ilianza kuwachanja wasichana nchi nzima. Chanjo hiyo ilitolewa kwa ajili ya mlango wa kizazi. Lakini kizazi hicho kitakapofikia umri wa saratani ya mapafu, miaka 40 au 50 ijayo, atakayeweka daftari za Bugando ataweza kulinganisha waliochanjwa na dada zao wakubwa ambao hawakuchanjwa.