Simba wa Meru, Okestra ya Ng'ambo: Sauti ya Filamu Ilivyoamua Hadithi Ni ya Nani

Ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Meru, karibu na mto Ura, kuna kaburi la simba jike aliyekufa Januari 1961 kwa ugonjwa unaoenezwa na kupe. Jina lake lilikuwa Elsa. Miaka sita baadaye, tarehe 10 Aprili 1967, filamu iliyotokana na maisha yake, Born Free, ilishinda mara mbili katika usiku wa tuzo za Oscar mjini Santa Monica, Marekani. Tuzo zote mbili zilikuwa za muziki: moja ya muziki wa filamu nzima, nyingine ya wimbo wake. Mtunzi alikuwa John Barry, Mwingereza kutoka mji wa York, na maneno ya wimbo yaliandikwa na Don Black.

Ushindi huo unazua swali linalotuhusu sisi tunaoishi kuuzunguka Mlima Kenya. Muziki hufanya kazi gani ndani ya hadithi ya picha? Na katika filamu zilizopigwa kwenye ardhi yetu, ulifanya kazi hiyo kwa ajili ya nani? Ukiifuata historia kuanzia miaka ya 1930 hadi leo, unaona jambo moja likijirudia: jicho humwonyesha mtazamaji kinachotendeka, lakini sikio ndilo linalomwambia amhurumie nani na amwogope nani. Kwa hiyo anayeshika sauti ndiye anayeshika hadithi.

Mhusika asiyesema

Elsa alizaliwa mwanzoni mwa 1956 kaskazini mwa Kenya. George Adamson, afisa wa wanyamapori aliyekuwa na makao Isiolo, alimuua mama yake kwa risasi baada ya kushambuliwa, kisha akagundua kwamba ameacha watoto watatu. Wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Elsa akabaki mikononi mwa George na mkewe, Joy. Walipoamua kumrudisha porini walijaribu kwanza Maasai Mara bila mafanikio, ndipo wakamleta nchi ya Meru. Huku akajifunza kuwinda, akapata dume, akazaa watoto watatu. Kitabu cha Joy kilitoka mwaka 1960, na filamu ikafuata mwaka 1966 chini ya mwongozaji James Hill. Virginia McKenna aliigiza kama Joy, na mumewe wa kweli, Bill Travers, akawa George. Sehemu kubwa ilipigwa Naro Moru, upande wa magharibi wa Mlima Kenya.

Waliotengeneza filamu hiyo walikabiliwa na kazi ngumu: mhusika wao mkuu hasemi. Tena simba hana uso wa mwigizaji. Akikaa juu ya jiwe akitazama mbali, hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama ana huzuni, ana njaa au anasinzia tu. Pengo hilo ndilo Barry alilolijaza. Alitunga tuni moja kuu, kisha akaigeuza kulingana na tukio: ikaenda mbio simba anapocheza, ikapungua mwendo wakati wa kutengana, ikapanda kwa nguvu wakati wa kukutana tena. Picha ileile ya simba aliyetulia inaweza kumaanisha upweke au amani, na kinachoamua ni kile kinachopigwa chini yake.

Siri ya njia hii ni kurudia. Mtazamaji husikia tuni mwanzoni akiwa hajaifikiria kabisa. Anaisikia tena Elsa akiwa mdogo na mwenye furaha. Inaporudi mwishoni, inarudi na kumbukumbu zote zilizoshikamana nayo, na machozi yanaanza kabla mtu yeyote kwenye picha hajafungua kinywa. Watunzi wa filamu duniani kote hutumia mbinu hii, kwa sababu sikio hukumbuka bila kuombwa.

Hata hivyo, wimbo wenyewe ulikaribia kupotea. Usiku filamu ilipozinduliwa London mbele ya Malkia Elizabeth, Machi 1966, watayarishaji walikuwa wameukata kwenye nakala iliyoonyeshwa, wakiona hautauzika. Mwimbaji Matt Monro alikuwa ukumbini. Alimweleza Don Black kilichotokea, nao wakadai urudishwe hadi ukarudishwa. Bila ubishi huo, Oscar ya wimbo isingepatikana.

Sasa tuangalie upande ambao haukuimbiwa. Katika filamu hiyo wamo wahusika Waafrika, Nuru na Makedde, walioigizwa na Peter Lukoye na Omar Chambati. Nuru ndiye anayeshinda na wana wa simba, akiwalisha na kuwachunga. Ukisoma majina ya vipande vya muziki kwenye santuri ya filamu, utakuta mchezo wa Elsa, likizo na Elsa, pigano la simba jike, hata kifo cha Pati, pimbi aliyefugwa na akina Adamson. Pimbi alitungiwa kipande cha maombolezo. Nuru hakutungiwa kitu. Mtazamaji anamwona Nuru, lakini hakuna kinachomwelekeza aingie moyoni mwake.

Ngoma kama hatari

Jambo hilo halikuanza na Elsa. Mwaka 1935 ilitoka Sanders of the River, filamu ya Kiingereza iliyoongozwa na Zoltan Korda. Korda alikuja Afrika akapiga picha na kurekodi nyimbo na ngoma, kisha mtunzi Mischa Spoliansky akazitumia kama malighafi ya nyimbo zilizoimbwa na Mmarekani mweusi Paul Robeson. Miongoni mwa Waafrika waliochukuliwa London kujaza nafasi ndogo alikuwamo Mkenya mmoja aliyekuwa masomoni huko, Jomo Kenyatta. Sauti za bara letu zilikuwamo ndani ya filamu hiyo, lakini zilipangwa upya ili kusifu utawala wa kikoloni, jambo lililomfanya Robeson mwenyewe aikane baadaye.

Hollywood ilipokuja kupiga picha Afrika Mashariki baada ya Vita Vikuu vya Pili, ilichukua njia nyingine. King Solomon's Mines ya 1950 na Mogambo ya 1953 hazikutumia okestra, bali nyimbo na ngoma za Kiafrika. Mamilioni ya watu walisikia ngoma halisi. Tatizo ni mahali zilipowekwa. Ngoma ilisikika usiku, nje ya hema la wazungu, mpigaji haonekani, na wahusika wakigeuza shingo kwa hofu. Ikarudiwa filamu baada ya filamu, hata mlio wa ngoma peke yake ukatosha kumwambia mtazamaji kwamba hatari inakaribia.

Mtu aliyelelewa kati ya Meru na Embu anajua jinsi hilo lisivyo kweli. Wachuka wanasifika Kenya nzima kwa ngoma zao ndefu ambazo mpigaji hubana katikati ya miguu, akizipiga huku akicheza, kundi zima likienda pamoja. Ni muziki wa sherehe na wa kupokea wageni, na wengi wameuona Bomas of Kenya au katika sikukuu za kitaifa. Anayejua ngoma hiyo, akiisikia, hutafuta wachezaji walipo ili ajiunge nao. Filamu za kigeni zilichukua ishara ya shangwe zikaifanya ishara ya hofu, na hilo lilifanyika kwa sauti, bila neno moja la matusi kuandikwa.

Sauti ya gari la serikali

Wakati huohuo, Waafrika walikuwa wakitengenezewa filamu za aina nyingine. Kati ya 1935 na 1937, mradi ulioongozwa na Leslie Notcutt na George Latham ulifanya kazi kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Ulitengeneza filamu fupi za mafundisho ya kilimo, afya na akiba, na lori lake likazunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Picha zilipigwa bila sauti. Maneno yaliwekwa kwenye santuri zilizopigwa sambamba na mkanda, ili filamu moja iweze kusemwa kwa lugha kadhaa. Mkanda ukikatika au sindano ikiruka, picha na maneno viliachana, na mafundisho yakapotea.

Baadaye, magari ya sinema ya serikali yalitegemea zaidi mtu aliyesimama kando ya kitambaa akiwa na maikrofoni, akieleza picha kwa lugha ya wenyeji. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, Meru na Embu zikiwa miongoni mwa wilaya zilizoteseka, serikali ilitumia sinema na vipaza sauti kupeleka propaganda yake vijijini. Hapo kanuni ilikuwa ileile: picha ni moja, na mwenye maikrofoni ndiye aliyesema maana yake.

Lakini mtu wa maikrofoni aliacha urithi ambao watawala hawakuupanga. Watu wetu walizoea filamu kuwa kitu kinachosimuliwa na mwenzao, kwa lugha yao. Vibanda vya video vilipoenea, wasimulizi wapya walitokea, na nchini Kenya anayejulikana zaidi ni DJ Afro, ambaye huweka sauti yake ya Kiswahili cha mtaani juu ya filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani. Huwapa wahusika majina mapya, huwahimiza, huwakemea. Filamu ya ng'ambo inageuka kuwa ya watazamaji waliopo kibandani. Mwongozaji Likarion Wainaina alitambua nguvu ya desturi hiyo, akaiingiza ndani ya hadithi ya Supa Modo, filamu yake ya 2018 kuhusu msichana mgonjwa anayetamani kuwa shujaa.

Barry arudi Kenya

Mwaka 1985 John Barry alitunga tena muziki wa hadithi ya Kenya, Out of Africa, iliyoongozwa na Sydney Pollack. Pollack alikuwa amewaza kutumia muziki wa Kiafrika. Barry alimshawishi vingine: kwa maoni yake, hii ilikuwa hadithi ya mapenzi ya Wazungu wawili waliojikuta Afrika, na muziki ulipaswa kufuata mioyo yao. Kwa kipimo cha ufundi, alikuwa sahihi. Katika tukio la ndege, wapenzi hao, Karen na Denys, hawasemi karibu lolote. Okestra inapanuka, ardhi inapita chini yao, na mtazamaji anaelewa kwamba wanapendana. Kuna pia tukio la gramafoni inayopiga Mozart porini. Hapo muziki unatoka ndani ya hadithi yenyewe, wahusika wanausikia, tofauti na okestra ambayo mtazamaji peke yake ndiye anayeisikia. Filamu hiyo ilipata Oscar saba, mojawapo ya muziki. Kati ya Oscar tano alizoshinda Barry maishani mwake, tatu zilitokana na filamu zilizopigwa Kenya.

Kauli yake kwa Pollack ndiyo muhtasari wa historia hii yote. Alijua kwamba muziki humfuata mwenye hadithi, na alijua mwenye hadithi ni nani. Hatuna sababu ya kumlaumu kwa kuifanya kazi yake vizuri. Kazi iliyobaki ni yetu, nayo ni kutengeneza filamu ambamo mwenye hadithi ni mtu wa hapa, kisha kumpa sauti inayomstahili.

Kwa upande huo, vijana wanaotengeneza filamu Meru, Chuka na Embu wana utajiri ambao Barry hakuwa nao. Wana ngoma za Wachuka, nyimbo za Watharaka na Wambeere, mito inayoshuka mlimani, soko la miraa Maua asubuhi, kwaya za makanisa, na redio za Muuga na Wimwaro zinazosikika majikoni kwa Kimeru na Kiembu. Wakiacha vyote hivyo na kubandika muziki wa bure uliopakuliwa intaneti, mhusika wao anakuwa mgeni kwenye ardhi yake mwenyewe.

Kwa hiyo, mwalimu unayewaandaa wanafunzi kwa tamasha la kitaifa la drama na filamu, nawe kijana mwenye kamera, anza na sauti. Tenga fedha za maikrofoni nzuri kabla ya kununua lenzi ya pili. Rekodi ukimya wa kila chumba unachopigia picha, maana utauhitaji wakati wa kuhariri. Mtafute mpiga ngoma mzee angali hai, umlipe, na uandike jina lake kwenye filamu. Amua mapema tuni yako kuu ni ya nani, kisha irudishe pale mtazamaji anapopaswa kuumia au kufurahi pamoja naye. Na serikali za kaunti za Meru, Tharaka-Nithi na Embu zisaidie kurekodi na kuhifadhi muziki wa wazee wetu mahali ambapo mtengenezaji filamu anaweza kuupata kihalali. Elsa alitungiwa wimbo ulioshinda Oscar. Binti wa Igembe, mkulima wa Runyenjes na mvulana wa Chuka nao wanastahili kutungiwa wao.