Tangi la matumbawe: ufundi wa Jakarta uliopewa jina la Berlin

Tangi la matumbawe la nyumbani lilizua mjadala mwaka 2018, Indonesia iliposimamisha usafirishaji wa matumbawe hai nje ya nchi. Wafugaji wa Ulaya na Marekani walilalamika kukosa bidhaa. Wachache walikumbuka kwamba hata ufundi wa kulifufua tangi lililodorora ulitoka nchi hiyo hiyo.

Tangi lenyewe lilianzia Uingereza. Mwaka 1846 Anna Thynne alichukua matumbawe Torquay, akaenda nayo London. Pampu haikuwapo, hivyo mtumishi alimimina maji chombo hadi chombo kila siku yapate hewa. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata kitabu cha Philip Henry Gosse kikaeneza mtindo huo majumbani.

Karne moja baadaye, tangi la maji chumvi lilikuwa bado la samaki tu. Lilikuwa na changarawe, chujio chini yake, na vipande vya matumbawe mafu vilivyotolewa kila mara, vikalowekwa kwenye klorini na kurudishwa vikiwa vyeupe pe. Samaki wakiugua, walitiwa dawa ya shaba, sumu kwa matumbawe. Kwa hakika usafi wenyewe ndio uliokuwa ukiua.

Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika kinyume kabisa katika jarida la Marekani, Tropical Fish Hobbyist. Yeye hakutumia chujio. Alitia maji ya bahari, akapanga mawe yaliyotolewa baharini na kila kilichoyang'ang'ania: mwani, sponji, minyoo. Kilichobaki ni viputo vya hewa na mwanga wa jua. Wengi walioiga katika nchi za baridi walishindwa, wakaidharau mbinu yake. Lakini Jakarta mawe yalifika mabichi. Aliyekaa mbali na bahari alipokea mawe ambayo viumbe vyake vimefia njiani. Vilioza tangini, amonia ikapanda, samaki wakafa. Lawama akabebeshwa Lee, safari ikasahaulika.

Mawe hayo ndiyo chujio. Bakteria wa juu hugeuza amonia kuwa naitraiti, kisha naitreti. Wa ndani, kusikofika oksijeni, hugeuza naitreti kuwa gesi ya naitrojeni.

Wajerumani, hasa wa Berlin, waliongeza vyao: kichuja povu kinachotoa uchafu kabla haujaoza, taa kali, na maji ya chokaa, ambayo Peter Wilkens aliyahimiza. Pwani ya Waswahili ilichoma matumbawe ipate chokaa ya kujengea. Berlin ilitia chokaa ikuze matumbawe. Kitabu cha Charles Delbeek na Julian Sprung cha 1994 kikaeneza mbinu hiyo Marekani.

Leo tangi lililojaa mwani halifufuliwi kwa pupa. Samaki hupunguzwa, chakula pia, na maji hubadilishwa kidogo kidogo kwa chumvi ya gramu 35 hivi kwa kilo. Mawe mapya hukaa kwanza wiki kadhaa kwenye chombo cha pembeni chenye maji yanayozunguka, hadi harufu ya uozo iishe na kipimo cha amonia kisome sifuri. Ndiyo hatua waliyoikosa wasomaji wa 1961. Madukani mbinu hii bado huuzwa kwa jina la Berlin, na hiyo si haki kwa Lee Chin Eng.